Saa ya ukutani isiyonunuliwa betri: mwongozo wa kuvuna nguvu ndogo zilizomo nyumbani

Maswali ni yale yale kila wiki. Mmoja anataka kuchaji simu kwa mawimbi ya Wi-Fi. Mwingine ameona video ya sumaku na kijiko vinavyowasha balbu, anauliza sumaku hiyo inauzwa wapi Mombasa. Wa tatu ana kipande cha Peltier, kile kinachogeuza tofauti ya joto kuwa stima, alichokitoa kwenye mashine mbovu ya maji baridi, anataka kujua akibandike wapi kwenye jiko. Badala ya kumjibu kila mtu peke yake, nimeandika mradi mmoja wa kuanzia, ambao ukiufuata utafanya kazi: saa ya ukutani inayotembea kwa mwanga wa dirishani.

Kwanza tumalizane na Wi-Fi. Ruta ya nyumbani hurusha takriban wati 0.1, tena inazitawanya pande zote. Chaja ya simu ya polepole kabisa hutoa wati 5. Hata ungeweza kunasa kila chembe inayotoka kwenye ruta, na huwezi, ungekuwa na sehemu moja ya hamsini ya unachohitaji. Ile video ya sumaku na kijiko ina betri iliyofichwa. Tuendelee.

Kwa nini saa? Kwa sababu inakula kidogo sana, na ikisimama unaiona. Wala wazo si geni. Mwaka 1928 mhandisi Jean-Léon Reutter wa Uswisi alibuni saa ya mezani, Atmos, inayojitia ufunguo kwa kupanda na kushuka kwa joto la chumba. Yetu ni ya kimaskini zaidi, lakini tabia ni ile ile: inachukua kidogo kilichopo, inaweka, inatumia polepole.

Unachohitaji

- Saa ya ukutani ya mishale inayotumia betri moja ya AA. Isiwe na taa, kengele wala kioo cha tarakimu.
- Kipaneli cha sola cha volti 2 kutoka kwenye taa ya bustani, zile za kuchomeka ardhini. Taa iliyokufa inafaa kabisa, maana kinachokufa mara nyingi ni betri au kutu kwenye swichi, si paneli.
- Betri moja ya AA ya kuchaji, aina ya NiMH, volti 1.2, isiyopungua mAh 1,000 (mAh, yaani miliampea-saa, ni kipimo cha chaji inayobebwa na betri). Soma pakiti: chukua ile iliyoandikwa kwamba inauzwa ikiwa imeshachajiwa. Sababu iko mbele.
- Diodi moja ya Schottky, kipande kidogo kinachopitisha stima upande mmoja tu: 1N5817, 1N5819 au BAT85. Fundi redio yeyote anayo, au ataitoa kwenye bodi ya chaja mbovu.
- Waya mwembamba wa rangi mbili, wa urefu wa kutoka dirishani hadi saa ilipo.
- Multimita, yaani mita ya kupimia volti na miliampea. Ya bei nafuu inatosha, ila usianze bila mita.
- Chuma cha kulehemu na risasi yake. Huna? Mpelekee fundi, ni kazi ya dakika chache.
- Rangi ya kucha isiyo na rangi, ile inayong'aa tu. Usicheke, tutaihitaji.

Hesabu kabla ya bisibisi

Nadharia yote ya mwongozo huu imo kwenye aya hizi mbili, na wengi wanaoshindwa hushindwa hapa. Betri ya kawaida ya AA ina takriban mAh 2,000. Kama saa yako hukaa nayo mwaka mmoja, inakula kama mAh 5.5 kwa siku. Betri ya kuchaji nayo hujimaliza yenyewe ikiwa imekaa tu. Ile ya kizamani ya NiMH inaweza kupoteza hata sehemu ya tano ya chaji yake kwa mwezi, yaani mAh 13 hivi kwa siku, zaidi ya mara mbili ya inachokula saa! Na joto letu la pwani huharakisha mambo. Ile inayouzwa ikiwa imechajiwa tayari hupoteza mAh moja hivi kwa siku. Ndiyo sababu nimekuambia usome pakiti.

Ongeza chaji inayopotea njiani, maana betri hairudishi yote inayopewa, na utapata kama mAh 10 kwa siku. Mwanga wa maana tunao kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, saa kumi nzima. Kwa hiyo paneli itoe wastani wa miliampea 1. Ndiyo shabaha yetu. Kipaneli cha taa ya bustani hutoa makumi ya miliampea juani, kwa hiyo kazi si paneli. Kazi ni mahali pa kuiweka.

Hatua kwa hatua

1. Fungua taa. Ondoa skrubu, chomoa betri ya zamani, kisha fuata nyaya mbili zinazotoka nyuma ya paneli. Kwa kawaida nyekundu ni chanya na nyeusi ni hasi, ila usiamini rangi, pima. Kata nyaya hizo karibu na bodi ndogo ya ndani, si karibu na paneli. Vile vidoti vya risasi vilivyo nyuma ya paneli vikishang'oka, kuvirudisha ni balaa.

2. Pima volti juani. Weka mita kwenye volti za DC, mkono mwekundu kwenye chanya. Ukipata kati ya 2.0 na 2.5, paneli ni nzima. Ukipata 1.5 au chini juani, kuna kipande kilichopasuka ndani, tafuta nyingine. Paneli iliyopata moto hushuka volti kidogo, kwa hiyo usishangae adhuhuri ikisoma chini kuliko asubuhi.

3. Pima mahali. Hii ndiyo hatua ya kutoirukia. Geuza mita iwe ya miliampea, peleka paneli pale unapofikiria kuibandika, kisha gusisha mikono ya mita moja kwa moja kwenye nyaya za paneli. Soma saa mbili asubuhi, saa sita na saa kumi. Baada ya hapo pima volti pale pale. Unataka wastani wa miliampea 1 au zaidi, na volti zisipungue 1.8. Katikati ya chumba hutazipata, hasa kwenye nyumba za Mji wa Kale ambako jirani wa ng'ambo unaweza kumpa mkono kutoka dirishani. Hapo panda ghorofani au tumia roshani.

   *Onyo:* kupima miliampea namna hii ni salama kwa paneli tu. Ukifanya hivyo kwenye betri utaunguza fyuzi ya mita, na betri itakuchoma vidole.

4. Chagua upande wa dirisha. Mombasa iko nyuzi 4 hivi kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la adhuhuri hukaa upande wa kaskazini kuanzia takriban wiki ya pili ya Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba, kisha huhamia kusini. Mtu anabandika paneli kwenye dirisha la kaskazini mwezi wa Julai, anafurahi, Desemba inamshinda. Dirisha la mashariki au magharibi hupata jua la mshazari mwaka mzima. Mimi huchagua mashariki: jua la asubuhi halichomi sana na paneli inakuwa bado ya baridi. Ukilazimika kutumia dirisha la kaskazini au kusini, usiisimamishe paneli wima, ilaze kwenye kizingiti ikitazama juu, maana jua letu la adhuhuri liko utosini na halichungulii ndani.

5. Lehemu diodi. Diodi ina mstari kwenye ncha moja. Ncha *isiyo* na mstari inaungwa na waya chanya wa paneli. Ncha *yenye* mstari inaelekea kwenye betri. Kazi yake ni kuzuia chaji isirudi kwenye paneli usiku. Watu wengi huweka 1N4007 kwa kuwa imejaa kila mahali. Ile hula volti 0.6 au 0.7, Schottky hula 0.2 au 0.3. Juani hutaona tofauti, ila siku ya mawingu ile 1N4007 inameza volti zote ulizobakiwa nazo, na betri haipati kitu.

6. Unga kwenye saa, si kwenye betri. Geuza saa. Kwenye kisanduku cheusi cha nyuma utaona kitanda cha betri: upande mmoja springi, huo ndio hasi, upande wa pili kibati, huo ndio chanya. Vitoe vyote viwili kwa bisibisi nyembamba, vinateleza tu kwenye mfereji wake. Vikwangue kidogo kwa msasa, lehemu waya kila kimoja kwa haraka, acha vipoe, virudishe. Ukilehemu vikiwa ndani, plastiki inayeyuka na betri haitakaa sawa tena. Wala usilehemu juu ya betri yenyewe, joto linaiua. Waya wa kibati uende kwenye ncha ya diodi yenye mstari. Waya wa springi uende kwenye hasi ya paneli.

7. Chaji betri ijae kwanza kwa chaja ya kawaida, ndipo uiweke. Ukiiweka tupu ukitegemea miliampea 1 iijaze, utangoja miezi.

8. Weka betri kabla ya kuipeleka paneli kwenye mwanga. Betri ndiyo inayoshikilia volti zikae kwenye 1.2 hadi 1.45. Bila betri, saa iliyotengenezewa volti 1.5 inapigwa na volti zote za paneli juani, zaidi ya 2. Kila unapobadilisha betri, funika paneli kwa kitambaa.

9. Paka rangi ya kucha. Kila kiungo cha risasi, miguu ya diodi na vile vidoti vya nyuma ya paneli vipate mikono miwili ya rangi ya kucha, ya kwanza ikauke kabla ya kupaka ya pili. Usipake kwenye uso unaogusana na betri. Mtu wa bara anaweza kuipuuza hatua hii. Hapa, kiungo kilichoachwa wazi kwenye dirisha linalotazama bahari huanza kuota ukungu wa kijani, waya wa shaba unageuka mweusi hadi ndani ya ganda lake, na siku moja unaugusa tu unakatika. Ukiwa Nyali, Shanzu au Likoni karibu na maji, funika na nyuma yote ya paneli kwa silikoni.

10. Bandika. Paneli iwe ndani ya kioo kama kioo ni cheupe. Kioo cheusi au chenye karatasi ya giza kinakula sehemu kubwa ya mwanga, hapo itoe nje. Angalia kivuli cha grili: kipaneli hiki kina vipande vinne vilivyoungwa kwa mfuatano, na kipande kimoja tu kikifunikwa, vyote vinne vinakabwa. Chuma cha grili chenye upana wa kidole kinatosha kukuharibia kazi. Wavu wa mbu wenye vumbi nao ni pazia.

Usidanganywe na mlio wa saa

Saa itaanza kutembea mara tu utakapoweka betri, na utataka kupiga picha umtumie shemeji yako. Subiri. Betri iliyojaa ingeiendesha saa hiyo kwa miezi mingi hata paneli ikiwa imekatika waya. Saa kutembea si ushahidi wa chochote.

Ushahidi unaupata hivi: kata waya chanya kati ya diodi na saa, weka mita ya miliampea katikati, soma nyakati zile zile tatu. Hiyo ndiyo chaji halisi inayoingia, na itakuwa ndogo kuliko ile uliyopima kwenye hatua ya 3. Ikifika wastani wa miliampea 1, unga waya na uwe na amani. Ikibaki 0.5, saa itatembea muda mrefu kisha itakufa, pengine wakati wa masika, Aprili au Mei, mawingu yakitanda wiki nzima. Sogeza paneli, au unga mbili kwa sambamba: chanya na chanya, hasi na hasi, kila moja na diodi yake.

Na joto, mtikisiko, mawimbi?

Mwenye Peltier sijamsahau. Kile kipande cha mraba cha milimita 40, TEC1-12706, hutoa takriban volti 0.05 kwa kila nyuzi moja ya tofauti ya joto kati ya nyuso zake mbili. Zingatia neno tofauti. Kukipasha moto tu hakutoshi. Uso mmoja ukiwa na nyuzi 90 na wa pili 50 utapata kama volti 2 bila mzigo, na ukiunga kitu zinashuka hadi nusu. Taa ndogo ya LED itawaka ukiweka katikati kibodi cha kupandisha volti kinachoanzia 0.9. Namna nyepesi ni kukiweka juu ya sahani nene ya alumini iliyo *pembeni* mwa jiko la makaa, na juu yake sufuria ndogo ya maji. Tatizo letu ni kwamba maji ya bomba Mombasa hayana ubaridi wa kujivunia, na sufuria ikishapata moto, tofauti imekwisha na taa inafifia. Badilisha maji.

*Onyo:* risasi iliyomo ndani ya vipande hivi vya kupozea huyeyuka kwenye nyuzi 138 hivi. Ukikiweka juu ya makaa yenyewe kinakufa kabla chai haijachemka.

Mtikisiko kwa kutumia kile kisahani cha shaba cha ndani ya buza ni mchezo mzuri wa kuwaonyesha watoto. Ukikigonga kinatoa volti nyingi, ila mkondo wake ni wa kufa mtu kwa udogo. LED itamemetuka, basi.

Mawimbi ya redio yanavunika kweli, lakini mbali na mnara unapata mikrowati, yaani sehemu za milioni za wati. Tena kuna anayeuliza kuhusu kuzungusha koili chini ya nyaya za stima kubwa. Usifanye. Kupanda karibu na nyaya hizo ni kifo, na ukipata kitu cha maana utakuwa unaiba stima tu.

Mwanga wa dirishani unashinda vyote hivi kwa mtu anayeanza. Ukishaizoea saa, kinachofuata ni kitu kinacholala muda mrefu na kuamka kidogo, mfano kipima joto kinachotuma namba mara moja kwa saa. Hapo tumia kapasita kubwa ya faradi 1 na volti 5.5, ambayo ikishuka kutoka volti 5 hadi 3 inakupa jouli 8. Ni kama mtungi chini ya bomba linalodondoka: unangoja ujae, unachota mara moja. Ila usianze na Arduino Uno, ile bodi ya kompyuta ndogo ya wanaojifunza elektroniki. Bodi ile inakula karibu miliampea 45 ikiwa haifanyi lolote, mara mia mbili ya saa yako. Tafuta chipu tupu kama ATtiny85, inayolala kwa mikroampea chache.

Ikigoma

*Saa imesimama, betri inasoma chini ya volti 1.1.* Chaji haiingii. Funika paneli, toa betri, funua paneli tena dirishani kwenye mwanga, kisha pima volti kwenye kibati na springi. Ukipata sifuri, diodi iko kinyume au waya umekatika. Ukipata volti 1.8 au zaidi, nyaya ni nzima na tatizo ni mahali. Funika paneli tena kabla ya kurudisha betri.

*Betri inasoma 1.25 lakini saa imesimama.* Si stima. Mishale inagusana, au vumbi limeingia kwenye meno. Isukume mishale kidogo itenganishwe. Kama mshale wa sekunde unatikisika pale pale bila kusonga, kwangua springi kwanza kabla hujailaumu saa.

*Saa inachelewa.* Karibu kila mara ni betri dhaifu. Ichaji kwa chaja ya kawaida uanze upya, kisha urudie kipimo cha chaji inayoingia.

*Inatembea mchana, usiku inakufa.* Betri haishiki tena chaji. Hilo huwapata walioitumia ile betri ya zamani iliyotoka kwenye taa. Nunua mpya.

*Betri inapata moto wakati wa jua.* Umetumia ndogo, pengine AAA ya mAh 300, na jua linaipiga moja kwa moja. Chaji isizidi sehemu ya kumi ya ujazo wa betri: kwa paneli inayotoa miliampea 80, betri iwe ya mAh 800 au zaidi. Weka AA uliyoambiwa, au geuza paneli ikipe jua mgongo.

*Volti zipo, miliampea hazipo.* Tazama uso wa paneli kwa karibu. Plastiki ya juu ikigeuka njano na kuwa na ukungu, mwanga haupiti. Isugue kwa dawa ya meno na kitambaa laini mpaka ing'ae, suuza, kausha, upime tena kabla ya kuitupa.